Ajali haina kinga? Wape wazamiaji mitungi yenye hewa

Wasomaji wangu, leo nina ugomvi na methali. Sisemi methali zote, maana nyingine zimetulea. Nina ugomvi na hii moja: ajali haina kinga.

Angalia inavyotumika. Kivuko kikizama, au ndege ikidondoka ziwani, au mtoto akitumbukia kwenye dimbwi la machimbo, mambo huenda kwa mpangilio ule ule. Kwanza salamu za rambirambi. Pili tume. Tatu mheshimiwa anasimama mbele ya vipaza sauti, anashusha pumzi na kutukumbusha kwamba ajali haina kinga. Tunaitikia, tunazika, tunaendelea na mpira. Mwenye akili ya kuuliza swali anaonekana hana huruma na wafiwa.

Mimi nasema methali hiyo, ikitoka kwenye mdomo wa mtu mwenye bajeti, si faraja tena. Ni kisingizio. Nitatumia kazi moja ambayo wengi wetu huku bara hatuifikirii kabisa kuonyesha kwamba ajali ina kinga, ina bei, na inafundishika. Kazi yenyewe ni kuzamia majini na mtungi wa hewa mgongoni, ile wenye kuijua wanayoiita skuba.

Najua utacheka. Mtaani kwetu mzamiaji ni yule jamaa aliyejificha kwenye meli akaibukia Ulaya. Tena utaniuliza, wewe uko Babati, bahari iko kule Tanga, kuzamia kunakuhusu nini? Kunanihusu hivi: mji wangu umekaa pembezoni mwa ziwa. Ziwa Babati liko pale, na viboko wake, na mitumbwi ya wavuvi inayoingia kila siku. Mwaka 1990 ziwa hilo lilifurika likaja mjini lenyewe bila kualikwa. Katika mkoa wetu huu wa Manyara kuna Mererani, ambako mwaka 1998, na tena Machi 2008, maji ya mvua yaliingia kwenye mashimo ya tanzanaiti yakaua makumi ya vijana waliokuwa chini. Kwa hiyo usiniambie maji ni habari za watu wa pwani. Maji yanatuua huku huku, tofauti ni kwamba huku hatuna hata mtu wa kushuka kuyafuata.

Tuanze na Bukoba

Tarehe 6 Novemba 2022, asubuhi, ndege ya Precision Air yenye watu 43 iliangukia Ziwa Victoria ikiwa inakaribia uwanja wa Bukoba. Watu 24 walitoka hai. Watu 19 walikufa, wakiwemo marubani wote wawili. Ndege ilikuwa karibu na nchi kavu kiasi kwamba watu walisimama ufukweni wakaiona mkia ukiwa juu ya maji. Nchi nzima iliiona kwenye simu.

Waliofika mwanzo walikuwa wavuvi na mitumbwi yao. Mmoja wao, kijana Majaliwa Jackson, alipiga mbizi kujaribu kuwasaidia marubani, akaumia, akazimia, akapelekwa hospitali. Serikali ilimpa shilingi milioni 1 na ajira katika Jeshi la Zimamoto na Uokoaji. Sina neno na kijana yule. Alistahili, tena zaidi ya alichopewa.

Neno langu ni hili. Mwezi huo huo ilitoka taarifa ya awali ya uchunguzi wa ajali. Ndani yake ilielezwa kwamba boti ya uokoaji ya polisi wanamaji ilichelewa kufika kwa sababu ilikuwa mbali, na ilipofika, wazamiaji hawakuwa na hewa ya kutosha kwenye mitungi yao, na mafuta ya boti nayo hayakutosha kuendelea na kazi.

Soma tena, taratibu. Wazamiaji walikuwepo. Mitungi ilikuwepo. Hewa haikutosha. Hewa! Kitu ambacho kompresa inakivuta bure kutoka angani!

Sasa niambie, hapo ni Mungu au ni mtu? Nani alitakiwa kujaza mitungi ile? Ilijazwa mara ya mwisho lini? Nani alitakiwa kuikagua Jumatatu asubuhi na kuweka sahihi kwenye daftari? Hayo ndiyo maswali. Badala yake tulitumia wiki nzima kubishana nani hasa alifungua mlango wa ndege. Tulipewa shujaa tukasahau mtungi.

Mitungi ya "oksijeni"

Hapa naomba niwachokoze wenzangu wa magazetini. Kila zinapotokea habari hizi, utasoma "wazamiaji waliishiwa mitungi ya oksijeni". Si oksijeni jamani. Kwenye mtungi wa kawaida wa kuzamia kuna hewa hii hii tunayovuta mimi na wewe, iliyochujwa na kushindiliwa: naitrojeni karibu asilimia 78, oksijeni asilimia 21, na vitu vingine kidogo. Ukimpa mtu oksijeni tupu akashuka nayo zaidi ya mita 6 hivi, inaanza kuwa sumu. Anaweza kushikwa na degedege kule chini, kifaa cha kuvutia hewa kikamtoka mdomoni, akafa maji akiwa na mtungi umejaa.

Utasema ni neno tu. Hapana. Mwandishi asiyejua kilichomo ndani ya mtungi hawezi kuuliza kwa nini haukujazwa. Akidhani ni oksijeni ya hospitali ataona ni kitu adimu, cha gharama, cha kuagiza. Akijua ni hewa tu, atauliza: kompresa iko wapi? Na swali hilo ndilo waheshimiwa wasilolitaka.

Tufanye hesabu ya darasa la saba. Mtungi wa kawaida una ujazo wa lita 12 na hujazwa mpaka mgandamizo wa baa 200 (baa hii si ile ya bia). Zidisha: lita 2,400 za hewa. Mtu aliyetulia anatumia kama lita 20 kwa dakika akiwa juu ya maji, kwa hiyo mtungi ungemfikisha dakika 120. Lakini kila mita 10 unazoshuka, mgandamizo unaongezeka kwa kiasi sawa na hewa yote iliyo juu ya vichwa vyetu tukiwa usawa wa bahari. Kwenye mita 10 unatumia hewa mara mbili, dakika zinabaki 60. Kwenye mita 30 unatumia mara nne, zinabaki 30.

Huyo ni mtalii anayeangalia samaki. Mwokoaji anayevuta mkanda wa kiti, anayesukuma mlango, anayebeba mtu, anahema mara mbili ya hapo au zaidi. Kwenye mita 10 tu mtungi wake uliojaa unampa nusu saa, na katika hiyo lazima aache robo ya hewa ya kurudia juu. Zimebaki dakika 20 na ushee. Sasa chukua mtungi uliojaa nusu. Umempa nini? Umempa nafasi ya kushuka, kuona watu, na kurudi bila kitu. Au umempa nafasi ya kutorudi.

Kuogelea si kuzamia

Kuna hoja naisikia sana kijiweni: "Wavuvi wetu wanayajua maji tangu utotoni, wape mitungi tu." Ni hoja tamu, inatupandisha mabega. Lakini ni hoja ya kuua watu.

Mvuvi anayepiga mbizi kwa pumzi zake anavuta hewa juu, anashuka, anarudi. Hewa iliyo kifuani inabanwa akishuka na kurudia ukubwa wake akipanda. Haimpasui. Kitu cha kwanza alichofundishwa na maji tangu mtoto ni kubana pumzi.

Mpe mtungi mtu huyo huyo. Ashuke mita 10, avute hewa ya mtungi mpaka mapafu yajae, kisha ashtuke na kupanda haraka huku amebana pumzi kama alivyozoea. Hewa ile ikifika juu inataka nafasi mara mbili. Mapafu hayana nafasi hiyo. Yanachanika, hewa inaingia kwenye damu, inaweza kupanda hadi kwenye ubongo. Wala huhitaji kina kirefu, mita moja na kitu inatosha kuleta madhara. Kwa hiyo kanuni ya kwanza kabisa ya skuba, kabla ya zote, ni: usibane pumzi kamwe. Yaani ni kinyume kabisa cha kile mvuvi anachokijua! Kumpa mtungi muogeleaji hodari bila mafunzo ni sawa na kumpa lori mtu anayejua baiskeli. Ujasiri wake ndio utakaomponza.

La pili ni viputo. Fungua soda iliyotikiswa. Gesi ilikuwa imetulia ndani kwa sababu ya mgandamizo. Umefungua ghafla, inafoka. Damu yako ni hivyo hivyo. Ukikaa chini, naitrojeni inayeyuka ndani ya damu na nyama. Ukipanda taratibu inatoka kwa kupumua. Ukipanda mbio, inatoa viputo ndani ya viungo, ndani ya uti wa mgongo. Mtu anatoka majini anacheka, baada ya nusu saa anasema miguu inawaka, baada ya saa moja hasimami. Kinga yake? Kupanda taratibu, wengi wanafundishwa isizidi mita 9 kwa dakika, na kusimama mita 5 kwa dakika 3 kabla ya kutoka. Dakika 3 tu. Lakini ili usimame dakika 3, unahitaji hewa ya dakika 3. Unaona tunavyorudi kwenye mtungi?

La tatu ni hewa yenyewe. Kompresa ikiwekwa vibaya, mdomo wake wa kuvutia hewa ukawa karibu na bomba la moshi la injini, unamshindilia mzamiaji kaboni monoksidi, ile ile inayoua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani. Juu ya ardhi dozi ndogo itakuuma kichwa. Chini, kwa sababu ya mgandamizo, dozi hiyo hiyo inakuwa kubwa. Kinga yake ni kichujio na mtu mwenye akili timamu wa kuangalia upepo unatoka wapi.

Nimetaja mambo matatu. Kuna moja lisilo na kinga hapo? Hakuna.

Sisi wa milimani tuna taabu ya ziada

Sasa jambo ambalo watu wa pwani hawana haja ya kuliwaza, ila sisi wa maziwa tunalo. Majedwali ya kawaida ya kuzamia yametengenezwa kwa usawa wa bahari. Ukipita mita 300 hivi juu ya bahari, hesabu zinabadilika, kwa sababu hewa ya juu ni nyepesi zaidi, na unapotoka majini damu yako inakutana na mgandamizo mdogo kuliko ule wa Dar es Salaam. Soda ile ile, kizibo kimefunguliwa zaidi.

Ziwa Victoria liko mita 1,134 juu ya bahari. Ziwa Tanganyika 773. Hapa Babati tuko kama mita 1,350. Maana yake karibu kila mzamiaji wa uokoaji anayefanya kazi kwenye maziwa yetu makubwa anazamia mlimani, hata kama anaona maji mpaka upeo wa macho. Anatakiwa awe na majedwali ya mlimani au kompyuta ya kuvaa mkononi inayolijua hilo, na apande polepole zaidi. Ukimchukua mzamiaji wa pwani ukampakia ndege akazamie ziwani jioni hiyo hiyo, mwili wake nao bado haujazoea hali mpya, na hilo lazima liingie kwenye hesabu.

Kwa upande wa pili, kuna nyie marafiki zangu mnaokwenda fungate Zanzibar. Mnajaribu kuzamia Mnemba asubuhi, jioni mko kwenye ndege ndogo kurudi Arusha, usiku mnapanda na gari kwenda Karatu au Mbulu. Msifanye hivyo. Ushauri unaokubalika kwa wazamiaji ni kusubiri angalau saa 12 baada ya kuzamia mara moja bila kina kirefu, na angalau saa 18 kama umezamia mara kadhaa au siku kadhaa mfululizo. Mlima kwa gari ni mlima vile vile, viputo havijui kama umekwenda kwa ndege au kwa Noah. Watalii wengi wanaanza mbugani wanamalizia baharini, na kiafya utaratibu huo ndio mzuri. Nyie mnaugeuza kwa sababu tiketi ya Jumapili ilikuwa rahisi.

Mpaka lini tutapiga simu Afrika Kusini?

Mei 21, 1996, MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza. Mamia ya Watanzania walikufa, wengine wamelala pale Igoma. Waliokuwepo walisikia watu wakigonga kutoka ndani ya meli iliyopinduka. Tundu likatobolewa ili watolewe. Hewa iliyokuwa inaishikilia meli ikatoka kupitia tundu lile, meli ikazama na waliokuwa wanagonga. Baadaye wazamiaji wakaja kutoka Afrika Kusini, kutoa miili.

Septemba 10, 2011, MV Spice Islander ilizama kwenye mkondo wa Nungwi. Wazamiaji wakaitwa tena kutoka Afrika Kusini. Kina na mkondo vikawashinda.

Septemba 20, 2018, MV Nyerere ilipinduka karibu kabisa na Ukara. Kivuko cha watu 101, waliokufa wakapita 220. Usiku ule kazi ya uokoaji ilisimama kwa sababu ya giza. Siku ya pili baada ya ajali, tarehe 22, wazamiaji wakamkuta fundi wa kivuko, Alphonce Charahani, yuko hai ndani, kwenye nafasi iliyobaki na hewa. Siku mbili! Kila ninapoikumbuka habari hiyo najiuliza swali ambalo halina wa kulijibu: wengine wangapi walikuwa na hewa ya saa 5, ya saa 10, ya usiku mmoja?

Majirani zetu nao wasitucheke. Septemba 29, 2019, pale kivuko cha Likoni, Mombasa, gari lilirudi nyuma likaangukia baharini na mama na bintiye mdogo ndani. Ilichukua siku 13 kuwatoa, na Wakenya waliwasema wazamiaji wao maneno mengi. Lakini gari lilikuwa mita 58 chini. Kikomo cha skuba ya starehe ni mita 40. Kwenye mita 58 hewa ya kawaida inalevya kama pombe, mtungi unaisha kwa dakika chache, na kurudi juu kunataka vituo virefu vya kusubiri. Kumsukuma mzamiaji kule kwa sababu kamera zinaonyesha na watu wana hasira ni kutafuta mwili wa tatu. Hasira yetu ingekwenda kwa waliokaa miaka yote bila kuandaa kikosi cha kina kile, si kwa kijana aliyevaa mtungi.

Wawili ndani ya bahari moja

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote. Nenda ufuo wowote wa Unguja wenye hoteli. Mtalii anayezamia ana kompyuta mkononi, ana mwenza wa kuzamia naye, ana mkufunzi, ana bima, amejaza fomu ya afya kabla ya kugusa maji. Akiumwa anawekewa oksijeni (sasa hapo ndipo oksijeni tupu ina kazi yake, juu, ndani ya boti) na kuna chumba cha mgandamizo cha kumtibu. Vyumba hivyo Afrika Mashariki ni vya kuhesabu kwa vidole. Kinachojulikana sana kwetu kiko Zanzibar, na Kenya wana cha jeshi la wanamaji pale Mombasa.

Maji hayo hayo wako vijana wetu wanaozamia kutafuta majongoo bahari, yale yanayokaushwa na kusafirishwa kwenda kwa walaji wa China. Majongoo ya maji mafupi yameshavunwa, kwa hiyo wanafuata kina zaidi kila mwaka. Wapo wanaotumia mitungi. Hakuna kompyuta mkononi, hakuna jedwali, hakuna bima. Analipwa kwa alichotoa, kwa hiyo anashuka, anapanda, anashuka tena. Akitoka miguu imekufa ganzi, nyumbani wanaambiana ni shetani wa bahari. Kenya ilipiga marufuku mitungi kwenye uvuvi huo mwaka 2003, lakini marufuku bila boti ya doria ni karatasi, na kijana mwenye njaa hasomi karatasi.

Angalia basi: ujuzi upo, vifaa vipo, hata tiba ipo, kwenye bahari moja, wakati mwingine ufuo mmoja. Kinachokosekana ni kuamini kwamba uti wa mgongo wa kijana wa Nungwi una thamani sawa na wa mgeni. Usiniambie hiyo nayo ni ajali isiyo na kinga.

"Hatuna hela"

Hilo nililitegemea. Nchi maskini, hospitali zina upungufu, halafu huyu anadai mitungi ya kuzamia! Sawa. Lakini sidai nyambizi. Seti moja ya kuzamia haifikii bei ya gurudumu nne za shangingi. Kompresa moja inajaza mitungi ya kikosi kizima kwa miaka. Tunanunua vivuko vya mabilioni halafu tunashindwa kununua kinachotakiwa kivuko kikipinduka. Ni sawa na kujenga ghorofa ukabania ngazi.

Wala sisemi kila wilaya iwe na kikosi cha kushuka mita 50. Ziwa letu la Babati ni la kina kifupi. Huku tunahitaji watu wachache waliofunzwa kufanya kazi kwenye maji machafu yasiyoonyesha hata mkono, yenye nyavu, na wanaojua tabia za kiboko. Mererani panahitaji kitu kingine kabisa, maana kuzamia ndani ya shimo lenye dari juu ni kazi ya wachache duniani, na pale kinga kubwa ni pampu na kufunga machimbo mvua kubwa ikianza. Kila maji yana kinga yake. Kazi ya serikali ni kujua ipi inafaa wapi, badala ya kusubiri rambirambi.

Ninachodai ni hiki. Kila ziwa lenye vivuko au uwanja wa ndege pembeni liwe na kikosi cha wazamiaji kinachoweza kuwa majini ndani ya saa moja, usiku na mchana. Mitungi ikaguliwe kila wiki na daftari liwe wazi kwa mwananchi yeyote. Wazamiaji wapimwe afya kila mwaka, kwa sababu mwenye pumu isiyodhibitiwa, kifafa au moyo mbovu hatakiwi kwenda chini hata awe jasiri namna gani. Wapimwe na kichocho pia, wale wa Ziwa Victoria, maana wengi hawatajua wanacho. Kuwe na oksijeni kwenye boti, na chumba cha mgandamizo Kanda ya Ziwa. Leo mzamiaji akipooza Bukoba, chumba kile cha Zanzibar kiko karibu kilomita 1,000, na kumpandisha kwenye ndege inayoruka juu ni kumwongezea viputo. Tunamtuma akaokoe, naye hana wa kumwokoa.

Na wavuvi, hawa wanaofika mwanzo kila mara, wafundishwe na kulipwa. Si kuzamia na mitungi tu, hapana. Wafundishwe kuvunja dirisha, kumrudishia mtu pumzi, kujua lini usitoboe meli iliyopinduka. Wavae maboya. Tusiwafanye mashujaa mara moja kila baada ya miaka 4 halafu tukawasahau wakiwa na mitumbwi inayovuja.

Nimalizie hivi. Wewe unayesoma hapa umesoma, una kazi au unaitafuta, na diwani wako unamjua kwa jina. Huko uliko kuna maji: ziwa, bwawa, mto, shimo la machimbo. Wiki hii muulize diwani au mtu wa Zimamoto mambo mawili tu. Mzamiaji wetu wa karibu yuko wapi? Na mtungi wake ulijazwa lini? Akikujibu kwa tarehe, mshukuru, tena mnunulie soda. Akikujibu kwa methali, umeshajua pa kuanzia.

Alamsiki.